Difu ya kuchomelea kwenye gari jepesi la kuunda mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama uchomelee difu (gia zinazoruhusu matairi mawili ya nyuma kwenda mwendo tofauti kwenye kona) ya gari lako la kilo 500, kwa kuwa hata gokati haina difu. Hapana, usichomelee. Gokati (kigari kidogo cha mashindano kisicho na springi) haina difu na bado inakata kona kwa sababu ukipinda usukani, pembe ya kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi la mbele hupindia) na fremu inayonepa hunyanyua tairi la nyuma la ndani, ikabaki inasukumwa na tairi moja tu. Gari la kilo 500 lenye springi na shokapu halinyanyui tairi hilo. Ukichomelea difu, matairi yote mawili ya nyuma yanalazimika kwenda mwendo mmoja, basi gari linagoma kupinda, linanyoosha kwenda nje ya kona. Kwenye changarawe za huku Dodoma tairi huteleza na kupunguza mzigo kwenye shafti (vyuma vinavyozungusha matairi). Kwenye lami kavu, shafti ndizo zinazokatika.

Tafuta LSD, yaani difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake kupita kiasi. Baadhi ya Toyota Altezza RS200 zilitoka na Torsen (aina ya LSD inayotumia gia), ila chukua na shafti zake. Kuinua gari na kuzungusha tairi kwa mkono hakutoshi kuitambua, maana hata kwenye Torsen tairi la pili linaweza kuzunguka kinyume kama kwenye difu ya kawaida. Fungua uone gia kabla hujalipa. Na stabilaiza ya nyuma (chuma kinachopunguza gari kulala upande kwenye kona) isiwe ngumu, isije ikanyanyua tairi la ndani: tairi moja likining'inia kabisa, Torsen haisukumi.