Dogo, Liache Hilo Swali: kwa mnaojiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara

Jumamosi iliyopita wadogo zangu watatu walikuja kusomea sebuleni kwangu, maana intaneti yangu haikatikikatiki na chai ya shemeji yao haina bili. Nilipita kuchukua chaja nikachungulia daftari la wa kwanza. Anatafuta ujazo wa mcheduara. Nikamwuliza, dogo, hiyo ya nini? "Ya GMAT, kaka." Wa pili alikuwa anasahihisha sentensi kutoka kwenye kitini kilichopigwa fotokopi mpaka herufi zimeota ukungu. Wa tatu ndiye aliyeniumiza. Nilimkuta kwenye swali moja, nikaenda zangu kuoga, nikarudi, yupo palepale, kalamu mdomoni, mguu unatikisika kama cherehani.

Huyo wa tatu nilimjua kabisa. Alikuwa mimi.

Sasa nisikilizeni. Sirudii habari za sehemu tatu, Kwanti ya hesabu, Vabo ya kusoma na hoja, Deta ya kuchambua takwimu, na dakika 45 kila moja, hayo mnayajua.

1. Choma vitini vya zamani. Toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likazimwa mwisho wa Januari 2024. Jometri iliondoka, kusahihisha sentensi kukaondoka, insha ikaondoka. Na mkisikia kaka zenu wakijisifu kwamba walipata 700, msijilinganishe nao kichwakichwa. Alama za sasa zinakwenda mpaka 805, zote zinaishia na tano, na 645 ya leo ndiyo inayokaa karibu na ile 700 yao. Kuna dada mmoja alipata 645 akalia siku nzima, tukawa tunambembeleza kwa jambo la kufanyia sherehe.

2. Jina kwenye akaunti liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi watu wa jina la baba, jina la babu na jina la ubatizo lisilojulikana na mtu isipokuwa padri, hapa ndipo tunapokwama. Mlangoni hawasikilizi historia ya ukoo.

3. Swali la sita.

Hapa naomba mtulie kidogo. Shuleni nilikuwa wa kwanza darasani, na sijisifu, nawaeleza ugonjwa ulikoanzia. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na wimbo mmoja: usiache swali wazi, andika hata fomula, njia nayo ina alama. Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo tulivyopita kidato cha nne na cha sita. Kuacha swali ilikuwa aibu, kama kuondoka msibani kabla ya mazishi.

Mwaka 2024 nikatoka Arusha kwa basi kwenda kufanyia Nairobi. Namanga tulipanga foleni ya kugongewa pasipoti, usiku nikalala kwa binamu yangu South B, asubuhi nikafika kituoni saa nzima kabla. Wakaniskani kiganja, wakanipa karatasi zao za plastiki na kalamu ya maka, nikakaa. Nikachagua kuanza na Kwanti, silaha yangu. Maswali matano ya kwanza yalikwenda kwa dakika 12. Mwendo wa kuchelewa kidogo, lakini mzuri.

Likaja la sita. Kwa kulitazama lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilinipata. Lingekuwa gumu waziwazi ningelikimbia. Siruhusiwi kulieleza lenyewe, tumesaini, ila lilikuwa la ukoo huu: namba ukiigawa kwa 7 inabaki 3, ukiigawa kwa 5 inabaki 2, ipi ndogo kuliko zote? Mimi mtoto wa alama za njia nikaanza kuandika herufi. Hii iwe saba mara k jumlisha tatu, ile iwe tano mara m jumlisha mbili, tuzilinganishe. Saa inasoma 33, ndizo dakika zilizobaki. Nikajaza ukurasa. Saa 30. Nikagundua nimekosea ishara, nikafungua ukurasa mwingine. Saa 28.

Hapo kuna sauti iliniambia: umeshatumia dakika tano, ukiacha sasa zitakuwa zimekwenda bure. Mnaijua hiyo sauti. Ni ileile ya mtu aliyesubiri daladala saa nzima, bodaboda zinampita, hazisimamishi, kwa sababu ameshasubiri sana. Nikaendelea. Saa iliposoma 25 nikapata jibu, na wadogo zangu, nilitabasamu. Niko peke yangu mbele ya kompyuta, nimetumia dakika nane kwa swali moja kati ya 21, nakenua meno.

Yalibaki maswali 15 na dakika 25. Mikono ikaanza kutoka jasho, kalamu inateleza. Maswali niliyokuwa nayajua nikayasoma nusunusu, mengine nikajibu lisiloulizwa. Swali la 18 lilikuwa bado mbele yangu muda ulipokatika. Manne sikuyajibu, matatu kati ya hayo sikuyaona hata sura. Na mtihani huu kutomaliza kunakuumiza kuliko kukosea. Ningefumba macho nikabonyeza tu, ningekuwa na hali nzuri zaidi.

Jumla 535. Kwanti, silaha yangu, 71. Vabo, niliyokuwa naiogopa, 80.

Wakati wa kurudi, tumepita Kajiado, ndipo likanijia. Ungeorodhesha tu: 3, 10, 17. Kumi na saba kwa tano, inabaki mbili. Kwisha. Majibu matano yalikuwa yamepangwa pale pembeni wakati wote, ningeyajaribu moja moja ndani ya sekunde 20, hakuna mtu ambaye angekuja kukagua njia. Nikashika kichwa. Mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza, "Baba, umefiwa?" Nikamwambia hapana mama, ni hesabu. Akafungua kikapu akanipa ndizi mbili, hakuuliza tena.

Dawa yangu ikawa hii: dakika mbili na nusu zikifika na njia siioni, nachagua jibu, naweka alama ya kurudia, naondoka. Lakini mwishoni unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu kwa kila sehemu, kwa hiyo usiweke alama kila mahali kama mtu anayepaka chokaa. Nilirudi baada ya miezi mitatu. Kwenye Kwanti niliyaachia maswali manne kwa hiari yangu, roho ikiniuma kila mara, nikapata 81. Jumla 625. Mojawapo ya yale manne nalikumbuka mpaka leo na jibu lake silijui, na nalala usingizi vizuri.

4. Yale maswali ya "taarifa hizi zinatosha kupata jibu au hazitoshi": ukishajua zinatosha, simama. Huulizwi jibu. Siku hizi yamehamia kwenye sehemu ya Deta, na huko ndiko pekee wanakokupa kikokotoo, ambacho kitakupotezea muda ukikitumia kwa kila kitu.

5. Moki mbili rasmi za bure zitunze. Ukirudia ileile alama zitapanda, naam, kwa sababu unayakumbuka maswali. Wa pili pale sebuleni ameirudia mara ya nne na ameshaanza kuchagua chuo cha Ufaransa.

6. Daftari la makosa. Usiandike "nilikosea", andika ulikuwa unawaza nini dakika ile. La kwangu nusu yake limeandikwa "ubishi".

7. Kwenye hoja za Vabo acha ujuzi wako mlangoni. Kifungu kikisema bei ya kahawa imepanda kwa sababu ya mvua, imepanda kwa sababu ya mvua. Mimi nimekulia chini ya Meru, baba ana mibuni, nilibishana na kile kifungu mpaka muda ukaisha. Tafuta hitimisho, tafuta kilichofichwa katikati, jibu.

8. Mapumziko ni ya dakika kumi, ni mara moja, yachukue hata kama hujisikii kwenda haja. Mpangilio wa sehemu uamue nyumbani. Chuo cha kupelekewa alama utachagua ukishaziona, kwa hiyo acheni kuota ndoto kwamba INSEAD, kile chuo cha biashara cha Ufaransa, watawacheka.

9. Ukianguka, rudi. Siku 16 zikipita unaruhusiwa tena, mara tano ndani ya miezi 12, na alama zinaishi miaka mitano. Kinachokuzuia ni ada, na ada ndiyo inayonifanya niwe mkali hivi, maana najua nani mtamkopa.

Jumamosi hii tunafanya moki nzima hapahapa, saa tatu kamili asubuhi. Simu zinakaa jikoni kwenye kapu la vitunguu, shemeji yenu ndiye msimamizi. Mimi nitakaa nyuma ya huyu wa mguu wa cherehani na kijiko na sufuria, na dakika mbili na nusu zikipita kwenye swali lolote, nagonga.