Jikoni kwa Shangazi: Ganda la samaki linalegea, nifanyeje?

Barua tatu za mwezi huu na moja iliyobaki mwezi uliopita zinahusu samaki wa kuchovya kwenye rojo la unga na kukaanga. Nimeanza na ile ndefu, kwa kuwa majibu ya nyingine yanaiegemea.

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Kila Jumamosi hununua changu Feri, namtoa miba mwenyewe, namkata vipande, kisha namlaza usiku kucha katika ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Asubuhi nakoroga rojo la unga wa ngano na mayai mpaka lilainike kabisa, nachovya, nakaanga, halafu naweka vyote kwenye hotipoti vikae na moto. Akiwa kwenye mafuta anapendeza mno, lakini tukifika mezani ganda limeshalegea, na vipande vingine vinaachana na ganda lake mkononi. Nakosea wapi? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Samaki wako ni mzuri na bidii yako inaonekana. Kinachokuangusha ni maji, na yanaingia mahali zaidi ya pamoja.

Tuanze na huko kumlaza usiku kucha. Wengi tumelelewa kuamini kwamba samaki asiyelala kwenye ndimu atabaki na shombo, na kwa samaki wa kuchoma au wa mchuzi sina ugomvi na desturi hiyo. Hata hivyo, ukali wa ndimu huipika nyama ya juu bila moto: asubuhi utaikuta imegeuka nyeupe, imekuwa teketeke, na majimaji yamechuruzika chini ya bakuli. Rojo likimwagwa juu ya nyama ya namna hiyo halishiki. Yale maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke katikati ya nyama na unga, na mvuke hulisukuma ganda nje; ndiyo maana linakubakia mkononi. Changu aliyetoka Feri asubuhi, jicho linang'aa na mashavu bado mekundu, hana shombo la kufichwa. Mtie chumvi tu, mwache dakika 20, kisha mkaushe kwa kitambaa safi, kipande kimoja kimoja, pande zote, mpaka kitambaa kisitoe tena alama ya maji. Baada ya hapo mpake unga mkavu mwembamba na ukung'ute unaozidi, kwa sababu unga huo ndio utakaolishika rojo. Ndimu ikamuliwe mezani, na kila mtu akamue ya kwake. Kitunguu saumu na tangawizi vitumie vilivyosagwa vikavu, uvichanganye ndani ya unga, maana vile vibichi huungua kabla samaki hajaiva na kuacha uchungu.

Sasa rojo. Unga wa ngano una protini inayoitwa gluteni ambayo, kadiri unavyokoroga, hujisuka na kuvutika. Mvutano huo ndio tunaoutafuta tunapokanda chapati, na ndio tunaopaswa kuukimbia hapa. Kwa kilo moja ya minofu, chukua gramu 150 za unga wa ngano na gramu 75 za unga wa mchele, ule ule wa vitumbua, ambao hauna gluteni na hukauka vizuri zaidi kwenye mafuta. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, kijiko kimoja cha chumvi, pilipili manga, na manjano kidogo ukipenda rangi. Mayai yaache, kwa kuwa hulifanya ganda liwe na ulaini wa andazi. Mimina mililita 250 hadi 300 za maji yaliyokaa na barafu, ukoroge kwa uma kwa muda mfupi sana, nusu dakika hivi, hata kama vidonge vidogo vya unga vimebaki. Nimewaona wapishi hodari wakishindwa kustahimili vidonge hivyo, mwanangu, vistahimili. Maji ya baridi huichelewesha gluteni kujisuka, na rojo la baridi likiingia kwenye mafuta ya moto hupasuka viputo vingi vidogo ambavyo ndivyo vinavyolifanya ganda lilie ukiling'ata. Likoroge wakati mafuta yameshapata moto, si kabla. Uzito wake uwe wa kufunika mgongo wa kijiko na kudondoka polepole.

Mafuta yawe na joto la nyuzi 180 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la rojo: likizama likakaa chini, mafuta bado, likizama kidogo na kuibuka upesi huku likichemka pembeni, ni wakati wake, likigeuka kahawia papo hapo, epua karai kidogo. Kipande chenye unene wa sentimita 2 huhitaji dakika nne hadi sita. Usijaze karai, kwa sababu kila kipande unachotia hupoza mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia kwenye unga badala ya kuukausha.

Kosa linaloharibu kazi yote, hata hivyo, ni hotipoti. Samaki aliyetoka kwenye mafuta huendelea kutoa mvuke kwa dakika kadhaa. Fanya jaribio hili nyumbani: weka kipande kimoja kwenye sahani na kingine juu ya waya wa kupozea keki au chekeche la chuma, subiri dakika tano, kisha viinue vyote viwili. Chini ya kile cha sahani utakuta duara la unyevu, na ganda la upande huo limeshakuwa kama mkate uliolowa. Ndani ya hotipoti jambo hilo hutokea pande zote kwa pamoja. Panga vipande juu ya waya, visilaliane, visifunikwe. Ukiwa na oveni, iwashe kwa nyuzi 100 na uviweke humo juu ya waya huo huo. Vikung'ute mafuta mara tu vinapotoka, kwani sehemu kubwa ya mafuta tunayokula hunyonywa baada ya kuepua, mvuke wa ndani unapopoa na kuacha nafasi. Gazeti usilitumie kabisa: wino wake si wa kuliwa.

Ukiwa na wageni, kaanga mapema kwa dakika tatu mpaka rangi iwe ya maji ya kunde iliyofifia, uviache vipumue juu ya waya, kisha wageni wakishaketi uvirudishe kwa dakika moja na nusu kwenye mafuta ya nyuzi 190, uhakikishe kwamba nyama ya katikati imekuwa nyeupe na inaachana vizuri. Nusu ya kwanza isizidi dakika 20 kabla ya kurudia.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, napika chumbani kwa jiko la gesi dogo. Minofu ya sangara naipata, ila mafuta ninayomudu kupima ni robo lita. Je, samaki wa rojo anawezekana? (Mwanza)

JIBU: Marahaba. Anawezekana, ila uachane na kikaango kipana. Tafuta sufuria ndogo yenye kipenyo cha sentimita 10; humo robo lita itapanda kidogo zaidi ya sentimita 3, na kipande chenye unene wa sentimita moja na nusu kitaelea. Hakikisha kingo zake ni ndefu, mafuta yasizidi theluthi moja ya kina chake. Kata minofu vipande virefu vya ukubwa wa kidole, ukaange kimoja au viwili kwa wakati, na kabla ya kutia vingine ungoje mafuta yarudi kwenye joto lake.

Kuhusu sangara mwenyewe, ambaye wenzetu wa Kisumu humwita mbuta, ni samaki anayefaa sana kwa kazi hii kwa sababu nyama yake ni nene na haikauki upesi. Chagua mnofu wa mgongoni. Nyama ya tumboni ina mafuta mengi na hulilegeza ganda. Ukikosa fedha ukapata mapanki tu, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, usiyachovye kwenye rojo. Yapake chumvi na unga mkavu, uyakaange mpaka yakauke.

SWALI: Assalamu alaikum, Shangazi. Mapishi ya Kiingereza yanataka rojo la bia, nasi nyumbani kwetu haiingii. Tunatumia nguru. Je, kuna mbadala? (Muscat)

JIBU: Waalaikumu salaam. Upo, na ni rahisi: maji ya soda yasiyo na sukari, yaliyopoa sana kwenye friji. Kinachotafutwa zaidi kwenye bia ni gesi yake, ile ya kaboni dayoksaidi, ambayo hutoka kwa kishindo rojo likigusa mafuta na kuliacha ganda na matundu. Yatumie badala ya maji ya kawaida, kipimo kile kile nilichompa mwenzako wa Tabata, na uyamimine mwisho kabisa.

Nina neno jingine kwako ambalo hukuliuliza, nami naona ni zito kuliko swali. Nguru, jodari na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa, uwe umekaanga au umechemsha. Mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga na moyo ukamwenda mbio, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Akishindwa kupumua vizuri, akimbizwe hospitali. Kwa joto la huko, nenda sokoni na sanduku la barafu ndani ya gari.

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mwalimu wa Kigoma. Likizo hii tutapiga kambi na vijana 24 wa skauti kando ya Ziwa Tanganyika kwa siku mbili. Tungependa kuwakaangia samaki wa rojo kwa mkaa. Tujiandae vipi? (Kigoma)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa vijana 24 nunua kilo 4 za minofu. Ukimpata kuhe, mshukuru mvuvi. Mgebuka naye anafaa ukimtoa miba kwa uangalifu, lakini dagaa wapake unga mkavu tu. Samaki alale ndani ya barafu, minofu ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa ili isiloweshwe na maji ya kuyeyuka, na apikwe jioni ya siku ya kwanza.

Unga uchanganye nyumbani, mara nne ya kipimo nilichotoa juu, uugawe kwenye mitungi minne mikavu. Kambini korogeni mtungi mmoja kwa wakati, kwani rojo likikaa hupata joto na kupoteza nguvu ya beking pauda. Maji yatoke kwenye chupa safi iliyolala katika sanduku la barafu, wala msichote yale ya barafu iliyoyeyuka chini ya samaki.

Chukueni karai mbili nzito za chuma, maana chuma hutunza joto pale upepo unapoyumbisha mkaa. Moto wa mkaa haupunguzwi kwa kitufe, kwa hiyo tenga upande wenye makaa mengi na upande wenye makaa machache yaliyofunikwa kwa majivu, uwe unasogeza karai kwa vishikio. Karai moja itachukua vipande vitano kwa dakika tano, pamoja na muda wa mafuta kurudisha joto. Kwa vipande 48 na karai mbili, kazi ni ya dakika 25 hivi. Kwa hiyo usiwapange wote wale kwa wakati mmoja. Wapite kwa makundi, kila kundi lile kinachotoka.

Mwaka mmoja nilikuwa kambini, kijana akafunika karai ya mafuta ya moto kwa kifuniko kilichotoka kuoshwa. Maji yaliyobaki kwenye ukingo yalidondoka, hayakuzidi kijiko kimoja, na mafuta yakaruka hadi usawa wa kifua chake. Alinusurika kwa kuwa alikuwa amegeuka kuita wenzake. Tangu siku hiyo kila kitu kinachokaribia karai yangu hufutwa kwanza. Karai ikae juu ya mafiga yasiyotikisika, umbali wa hatua tatu na njia wanayopita watu, na mafuta yasizidi theluthi moja ya kina chake. Yakishika moto, msimwage maji wala kuinyanyua karai: funikeni kwa kifuniko kikavu cha chuma kilichokwisha kuwekwa karibu, mwondoe makaa ikiwezekana bila kuigusa, na msifunue mpaka ipoe.

Asubuhi yake mafuta yakiwa yamepoa kabisa, yachujeni kwa kitambaa na kuyarudisha kwenye dumu lake kwa safari ya nyumbani. Yakiwa bado meupe na hayatoi povu, yatakaanga tena mara moja au mbili. Ziwani yasimwagwe hata tone.