Piza ya grili ya gesi: chini nyeusi, juu mbichi

Dada, hapo umesema chini inaungua na chizi bado haijayeyuka, basi moto wa chini umeizidi hewa ya juu. Liinue jiwe la piza (lile bapa la kuokea) kwa matofali mawili (makavu kabisa, yakiwa na maji yanapasuka) likaribie mfuniko, washa moto wote ufunike dakika 40 hivi, ukishaweka piza, zima moto wa chini ya jiwe, uache wa pembeni tu, na usifunguefungue tafadhali, joto lote linatoka. Mkate wa chachu nao nauoka humohumo kwenye sufuria nzito ya chuma, nafunika dakika 25 mvuke wake wenyewe uuinue halafu nafunua kama 20, ukiugonga chini unalia kama debe tupu ujue umeiva.