Usitume hiyo hela: soma kibati cha mota kwanza

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama ulishatanguliza nusu, usimalizie. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako pamoja na waliochangia. Umesema uko Nkuhungu, unataka karakana ndogo nyuma ya nyumba utengeneze vitanda na makabati, una milioni 2.5. Unauliza ununue vifaa vipya au mtumba, uanze na vifaa gani vya mkono, benchi la kazi ulitengeneze kwa mbao gani, na mbao kavu zinapatikana wapi hapa Dodoma. Maswali mazuri. Ila mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, ukaongeza kuwa kuna dalali Dar amekutafutia mashine ya kuranda na kupasua kwa pamoja, mtumba wa Ulaya, milioni 1.9, na kwamba "mota yake imeandikwa 230 kwa hiyo itapiga hata na umeme wa nyumbani". Hapo chai ikanipalia.

Waliokujibu wengi wamesema "usinunue kwa picha, panda basi ukaijaribu mwenyewe". Wana nia njema, lakini wanakupoteza. Mimi nilipanda basi. Nilisimama mbele ya mashine kama hiyo yako kwenye yadi moja huko Dar, nikaipitishia ubao wa mkongo nilioubeba mwenyewe kutoka Dodoma, maana nilijiona mjanja sana siku hiyo. Ubao ukatoka laini, umenyooka, huhitaji hata msasa. Beringi kimya. Shafti haichezi. Meza ni ya chuma cha kusubu, haina ufa wala alama ya kulehemu. Nikalipa huku natabasamu. Mashine ilikuwa nzima kabisa, na hiyo ndiyo sehemu inayouma mpaka leo, kwa sababu hata nikitaka kusema niliuziwa kimeo siwezi.

Kitu ambacho sikukitazama ni ukutani. Ile yadi ilikuwa na umeme wa njia tatu, yaani wa fezi tatu. Kwangu, kama kwako na kama kwenye nyumba nyingi za kawaida hapa mjini, mita ya LUKU ni ya njia moja, fezi moja tu.

Mota nzima ilikuwa imepigwa rangi ya kijani, kibati nacho (kile kibandiko cha chuma chenye maelezo ya umeme wa mota) humo humo. Nilikuja kukikwangua kwa ncha ya bisibisi wakati mashine imeshashushwa kwenye kirikuu, imeshakaa uani, na wapakuzi wameshalipwa. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja: 3 yenye kiwimbi mbele yake, pembetatu na Y, 230/400 V, 11/6.4 A, 3 kW, 50 Hz. Nikampigia dalali. Jibu lake nakupa kama alivyolisema: "Mzee, si unaona 230 hiyo hapo? Umeme ni umeme, badilisha plagi tu." Sentensi hiyo imenigharimu kuliko ada ya mtoto.

Sasa nisikilize vizuri, maana na wewe umeandikiwa 230 hiyo hiyo. Ile 3 yenye kiwimbi maana yake mota inataka fezi tatu. Basi. Kinachofuata baada ya hapo ni namna ya kuifunga tu. 230 inayoendana na pembetatu inasema: ukinifunga kwa mtindo wa pembetatu, nipe fezi tatu zenye volti 230 kati ya moja na nyingine. 400 inayoendana na Y inasema: ukinifunga kwa mtindo wa nyota, nipe fezi tatu zenye 400 kati yake. Umeme wetu wa njia tatu ndio huo wa 400 kati ya fezi na fezi, kwa hiyo kwenye yadi ile waliifunga nyota na ikawa inaimba. Soketi yako ya ukutani ina fezi moja na nyutro. 230 yake na 230 ya kwenye kile kibati hazijawahi kukutana.

Dalali simlaumu sana. Yeye kazi yake ni kuuza, angeniambia hata kwamba inapiga kwa betri za tochi. Ninayemlaumu ni fundi umeme niliyemleta nyumbani nikamlipa ili aniambie ukweli. Alikuja na begi lake, akafungua kiboksi cha mota, akatikisa kichwa kama daktari, akasema "hii ndogo tu, tunaweka kapasita". Ni kweli kwamba kuna ufundi wa kuifunga mota ya fezi tatu kwa pembetatu, ukaweka kapasita, ikazunguka kwa umeme wa njia moja. Pampu ndogo au feni inaweza kuvumilia. Ila hakuniambia, labda hakujua, kwamba mota ya namna hiyo inabaki na nguvu kama theluthi mbili tu ya ile iliyoandikwa, na wakati wa kuanza inakuwa dhaifu kabisa. Mashine ya kuranda si feni. Inabeba shafti nzito ya visu, halafu unaisukumia ubao mgumu tumboni.

Kwanza ilikuwa inaguna tu, haizunguki. Fundi akanifundisha kuvuta mkanda kwa mkono ili ishike mwendo, kisha niondoe mkono haraka. Msomaji, ukifika hapa usijaribu. Vidole vyangu viko kumi kwa neema tu. Ikashika mwendo, nikapitisha paini nyembamba, ikakubali. Nikaita na majirani waje waone. Halafu nikaweka mninga, ubao mpana wa inchi nane. Sauti ikaanza kushuka taratibu, taa ya sebuleni ikafifia, ndani mke wangu akauliza nani amewasha pasi, na harufu ya vanishi ya koili ikajaa uani kabla hata sijaona moshi. Ukishainusa mara moja hutaisahau. Ni harufu ya hela.

Ikapelekwa kuwaindiwa, yaani kuzungushiwa waya mpya ndani. Fundi wa kuwaindi naye sijui alihesabu vipi mizunguko ya waya, kwa sababu ilirudi inachemka hata ikizunguka bila mkanda. Ikarudishwa tena. Ikaungua tena. Kila safari ni guta, kila guta ni hela, na kila mtu niliyemgusa alikuwa na uhakika asilimia mia. Kwenye hiyo karakana yangu aliyekuwa na wasiwasi ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyekuwa sijui kitu.

Nikauliza kuhusu kuvuta njia tatu. Mtaani kwangu laini ya njia tatu haipiti, na ukianza kuzungumza habari ya nguzo na nyaya unazungumza habari ya hela nyingine kabisa, si ya mtu anayetaka kutengeneza makabati jioni baada ya kazi. Kuna mdau hapa lazima atasema "si ungeweka VFD?" Kaka, nilikuja kuifahamu baadaye. Ni kifaa kinachopokea umeme wa njia moja na kutoa fezi tatu za 230, kisha mota inafungwa pembetatu, na safari hii ile 230 ya kwenye kibati inakuwa na faida kweli. Kinafanya kazi. Lakini kwa mota ya 3 kW kinavuta ampea nyingi upande wa kuingilia, kwa hiyo kinataka laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, si soketi ya ampea 13 inayogawana waya na friji. Na bado ni hela ambayo haikuwemo kwenye hesabu wakati natabasamu kule yadini. Halafu kama kibati kimeandikwa 400/690 badala ya 230/400, hata hiyo njia imekufa, maana pembetatu yake yenyewe inataka 400.

Mashine ikakaa uani muda mrefu. Mama mkwe alipokuja kututembelea akagundua kuwa ile meza ya chuma ikipigwa na jua la Dodoma inakausha mlenda vizuri kuliko ungo, na kuku mmoja akahamia chini, kwenye uwazi wa kutolea mabaki ya randa, akataga. Kwa hiyo msinicheke, ilizalisha. Mwisho nikamuuzia jamaa mwenye karakana Kizota kwa bei ambayo haifiki nusu ya niliyonunulia, na hapo sijaweka nauli, kirikuu, kapasita na wale wawaindi. Yeye akatafuta fundi anayejua kuwaindi, akaichomeka kwenye njia tatu yake, na nikipita barabarani naisikia. Inapiga kazi bila tatizo lolote.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa mtumba wowote wenye mota: KIBATI KWANZA, BEI BAADAYE. Usiulize bei, usiulize imetoka nchi gani, usiombe hata video ikizunguka. Omba picha ya kibati, iliyopigwa karibu, inayosomeka. Kama kimepigwa rangi, kikwanguliwe. Kama hakipo, mashine hiyo si ya kwako hata wakikupa kwa laki tatu.

Utatafuta nini kwenye kibati? Ile 1 yenye kiwimbi, au neno linaloonyesha fezi moja. Volti 220 mpaka 240. Hezi 50. Halafu kilowati: kumbuka kilichoandikwa ni nguvu inayotoka kwenye shafti, na umeme unaovutwa ni zaidi ya hapo. Soketi ya ampea 13 mwisho wake ni kama wati 3,000, na mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Mimi sasa hivi mota inayozidi 1.5 kW siichomeki bila laini yake yenyewe.

Na usidhani fezi tatu ndiyo mtego pekee. Vifaa vya mtumba kutoka Uingereza, hasa vile vya kwenye saiti za ujenzi, vingi ni vya volti 110 na plagi ya njano. Vya Japani ni volti 100. Vya Marekani ni 120 na hezi 60. Ukiweka transfoma unashusha volti, lakini hezi hazibadiliki, kwa hiyo mota ya mashine kubwa iliyotengenezwa kwa hezi 60 hapa kwetu itazunguka pole kwa karibu sehemu moja ya sita na itapata joto zaidi. Drili na grainda zenye brashi za kaboni hazijali hezi, zinajali volti. Chomeka drili ya 110 kwenye ukuta wako uone itakavyokuaga. Yote hayo yameandikwa kwenye kile kibati, bure, na mtu anakwenda kutazama visu na kugonga gonga meza!

Sasa swali lako la mpya au mtumba, haraka haraka. Visivyo na waya, nunua mtumba bila woga. Randa za chuma za zamani, Stanley na Record za Uingereza, ukizipata kwa wauza vyuma chakavu zichukue, ukikagua tu kwamba chini hazina ufa. Kutu ya juu juu, hasa kwa vilivyokaa karibu na bahari Dar, inatoka kwa msasa na mafuta. Kutu iliyochimba vishimo karibu na makali ya patasi, hiyo achana nayo. Jiliwa kuukuu ni bora kuliko jipya la bei chee. Vyenye waya na vidogo, yaani drili, jiksoo, mashine ya msasa, nunua vipya dukani, udai risiti na warantii, na uwashe kabla hujatoka mlangoni. Disiki za kupasulia mbao, nunua mpya siku zote. Kwa kuranda, anza na randa ya umeme ya mkono, ile ya milimita 82, inachomekwa popote. Itakuchelewesha, lakini haitakuunguzia sebule.

Kulikuwa na jambo jingine uliuliza, la benchi nadhani, wadau watakusaidia.

Mimi ninachotaka ni picha ya kibati. Usilete ile ya mashine nzima iliyopigwa kwa mbali na kijana ameegemea. Mwambie dalali apige kibati peke yake, uiweke hapa hapa kwenye uzi kabla hujaenda kwa wakala wa pesa. Akisema kimeng'oka, muulize alijuaje kuwa ni 230.