Mbona kifaru hukwama? Maswali yenu kuhusu wahandisi wa kijeshi

Maswali yaliyofika safari hii yanahusu utafiti wa wahandisi wa jeshi: njia za kupitisha majeshi, ramani na ulinzi wa kambi. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu wengi huliona dogo.

Kifaru kina minyororo mipana ili kisizame. Mbona bado tunaona picha za vifaru vilivyonasa topeni?

Minyororo inasaidia kweli. Kifaru cha tani 60 huikandamiza ardhi kwa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kama nusu tu ya tairi la gari dogo. Shida iko kwa udongo. Mfinyanzi uliolowa ukipondwapondwa hupoteza nguvu, kwa hiyo kifaru cha kwanza kinaweza kupita salama, cha kumi kikaanza kuburuta tumbo, na kinachofuata kikabaki hapo hapo. Ndiyo maana wahandisi wa Jeshi la Marekani hupima gari kwa maswali mawili: ardhi iwe na nguvu kiasi gani ili lipite mara moja, na kiasi gani ili magari ya aina hiyo yapite mara 50 juu ya alama zile zile.

Kifaa chao cha uwanjani hakina makuu: fimbo ya chuma, koni ya nyuzi 30 nchani, mshikio juu na saa inayoonyesha ukinzani wa udongo. Askari huikandamiza kwa uzito wa mwili wake, polepole, huku mwenzake akiandika namba kadiri koni inavyoshuka. Juu panaweza kuwa pagumu, nyasi kavu na ukoko wa jua, kisha fimbo ikazama ghafla. Hapo ndipo gari litakaponasa, na kwa macho usingepatambua.

Somo hili lina umri. Kabla ya kuvamia Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) waliogopa kwamba chini ya mchanga wa fukwe kulikuwa na mboji na mfinyanzi. Usiku wa kuamkia mwaka huo, Waingereza wawili, Logan Scott-Bowden na Bruce Ogden-Smith, waliogelea hadi ufukweni chini ya pua za walinzi wa Kijerumani, wakachimbua sampuli kwa keekee na kurudi nazo. Matokeo yake, vilipelekwa pia vifaru vyenye rola kubwa ya kutandika zulia la turubai mbele yao, wengine wapite juu yake.

Setilaiti zinaona kila kitu siku hizi. Wapima ramani wa jeshi wana kazi gani tena?

Zinaona juu. Daraja linaonekana vizuri kutoka angani, lakini picha haikwambii nondo zake zimeliwa na kutu kiasi gani. Mhandisi lazima ashuke chini yake, apime boriti, kisha alipatie namba ya uwezo. Katika nchi za NATO namba hiyo huandikwa kwenye bamba la njano la duara, na gari, ambalo nalo hupewa namba yake, likiwa na namba kubwa kuliko ya daraja hutafuta njia nyingine.

Msituni hutumika leza inayorushwa kutoka kwenye ndege. Miale michache hupenya kati ya majani na kugusa ardhi. Kompyuta huondoa miti na kuacha umbo la ardhi tupu, pamoja na makorongo na njia za zamani. Inapendeza kuitazama. Hata hivyo, mimi ramani isiyo na tarehe siiamini, hata ikichorwa kwa leza, maana mto haukai ukimsubiri mchoraji.

Kambi inalindwa vizuri zaidi na ukuta wa zege au yale makapu ya waya yaliyojazwa udongo?

Kwanza inalindwa na umbali. Ukiongeza baruti mara nane, unahitaji umbali mara mbili tu ili msukumo wa hewa ubaki ule ule. Kwa hiyo kila mita unayomsogeza mwenye lori la mabomu ina thamani kubwa. Mwezi Juni 1996 huko Khobar Towers, Saudi Arabia, lori lililipuka nje tu ya uzio na kuua wanajeshi 19 wa Kimarekani. Vioo vya madirisha vilijeruhi watu wengi sana. Baada ya hapo, kanuni za umbali na vioo vya majengo ya jeshi hilo zilikazwa.

Kuhusu ukuta, zege lisilotengenezwa kwa ajili ya mlipuko linaweza kumeguka upande wa ndani na vipande vikamrukia unayemlinda. Udongo hunyonya msukumo na vyuma vinavyoruka. Makapu hayo, maarufu kama Hesco, yalibuniwa Uingereza kuzuia mmomonyoko na mafuriko. Huja yamekunjwa, hukunjuliwa, na mtambo wa kijiko huyajaza udongo. Udhaifu wake ni kwamba kitambaa cha ndani huchoka kwa jua, na hapo udongo huanza kumwagika.

Raia tunapata nini katika haya?

Kituo cha utafiti cha wahandisi wa Jeshi la Marekani huko Vicksburg, Mississippi, ambacho hupima nguvu za udongo kwa ajili ya magari ya kivita, kilianzishwa mwaka 1929 kwa sababu ya mafuriko makubwa ya 1927, wala si vita. Hadi leo maji, mabwawa na kingo za mito bado ni sehemu kubwa ya kazi yake.