Jibu: Philby alidumuje MI6 bila kushikwa?

Salamu ndugu wa Kisumu. Unauliza Kim Philby, jasusi Mwingereza, aliwezaje kutumikia Moscow kwa siri tangu 1934 na bado apandishwe vyeo MI6, shirika la ujasusi wa nje la Uingereza. Nikifundisha hapa Nakuru, kwanza naangalia kisa cha Volkov, si kutoroka kwake kutoka Beirut kwenda Moscow 1963.

Mwaka 1945 Konstantin Volkov, ofisa wa Kisovieti mjini Istanbul, aliahidi kuwatajia Waingereza wasaliti waliojificha London. Faili likatua mezani kwa Philby mwenyewe! Akawatonya Warusi, kisha akajikokota safarini. Alipofika, Volkov alishapakiwa kwenye ndege kwa machela, amefungwa bandeji. Inaniuma kila nikiisimulia.

Wakubwa wa MI6 walimwona Philby mtoto wa nyumbani, msomi wa Cambridge. Hata 1955 Harold Macmillan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alimtetea bungeni.