Maswali yenu: mnaotaka habari ya biashara isomwe redioni

Nimefunga mashine ya kukamua mawese hapa Mwandiga, Kigoma. Niliandika kurasa tatu nikapeleka redio mbili, haikusomwa hata sentensi. Nilikosea wapi?

Mama, asante kwa kunitumia nakala. Ukurasa wa kwanza wote unamshukuru Mungu, mume wako na diwani. Mashine inajitokeza ukurasa wa pili. Habari yenyewe umeificha mwisho kabisa: kwamba utanunua chikichi za wakulima kwa kilo, pesa mkononi. Hapo ndipo pa kuanzia!

Mhariri wa zamu husoma mistari miwili ya juu. Akikuta shukrani, karatasi inawekwa pembeni. Naye mkulima hana haja ya kujua mashine ilitoka wapi. Anataka bei, siku na mahali. Ningeanza hivi: "Kuanzia Jumatatu, wakulima wa michikichi Mwandiga watauza chikichi kwa kilo na kulipwa papo hapo, baada ya kufunguliwa kiwanda kipya cha kukamua mawese." Fuatisha bei na saa za kupokea mzigo. Kisha weka maneno yako mwenyewe, sentensi mbili, kama unavyozungumza sokoni; usimwachie kijana wa stesheni akutungie "tumejipanga kikamilifu". Historia ya kampuni iende chini, mistari mitatu, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea kweli. Ukurasa mmoja unatosha. Diwani atakusamehe.

Shikamoo. Nauza asali hapa Tabora mjini. Naweza kuandika kwamba ni bora kuliko zote Tanzania na inatibu vidonda vya tumbo?

Marahaba. Ya kwanza haina maana, maana kila muuza asali wa Tabora anasema hivyo hivyo. Ya pili itakuletea matatizo: asali ni chakula, na ukidai inatibu ugonjwa unaingia kwenye mambo ya dawa, yenye sheria zake. Kama umepata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, sema hilo. Kama asali inatoka misitu ya Sikonge, taja na warinaji ni wangapi.

Boti yetu ilizima injini ziwani na abiria walifika Kibirizi usiku wa manane. Bosi anasema tunyamaze, yataisha. Ni sawa?

Hayataisha. Abiria wana simu, na kabla boti haijagusa mchanga, Ujiji yote ilishajua, tena kwa chumvi.

Mwaka 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, wakafa watu zaidi ya 50. Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, hakuwaficha waandishi. Aliwaandikia yaliyotokea, na New York Times likachapa maneno yake kama yalivyo. Wengi huihesabu hiyo kuwa taarifa ya kwanza ya kampuni kwa vyombo vya habari. Zingatia kwamba hakunyamaza akingoja yaishe.

Nanyi semeni: saa ngapi injini ilizima, abiria walikuwa wangapi, kuna aliyeumia au la, nauli itarudishwaje, boti itakaguliwa na nani. Chanzo msichokijua msikibuni; andikeni kwamba uchunguzi unaendelea. Na pole iwe mwanzoni, si mwishoni kama sahihi.

Mwandishi akija, nimpe bahasha ya shilingi ngapi?

Hakuna kiasi. Mpe maji ya kunywa, majibu na nafasi ya kuongea na wateja wako. Ukitaka kulipia, nunua tangazo, upewe risiti.

Nitume kwa WhatsApp au barua pepe?

Uliza chumba cha habari husika. Wengi wetu huku Kigoma, mwisho wa reli, tunaishi WhatsApp. Ila tuma maandishi yanayonakilika. Juzi nimepokea karatasi iliyopigwa picha gizani, kidole gumba kimefunika tarehe ya uzinduzi.